Nani Alimomonyoa Kondoa? Kisa cha HADO na Ng'ombe Walioamriwa Kuondoka

Mwaka 1979 serikali iliamuru mifugo yote iondoke katika Milima ya Irangi, wilayani Kondoa. Amri haikusema ipunguzwe, ilisema iondoke: ng'ombe, mbuzi, kondoo, hata punda wa kubebea maji. Eneo lililoguswa lilikuwa na ukubwa wa kilomita za mraba 1,256, na idadi ya mifugo iliyotolewa ilizidi 80,000. Mfugaji aliyelala na zizi lililojaa aliamka akiwa na muda mfupi wa kuamua ampelekee nani mali yake.

Mradi uliosimamia jambo hilo ulijulikana kwa kifupi kama HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma. Ulianza mwaka 1973 chini ya idara ya serikali iliyoshughulikia misitu na nyuki, kwa fedha za Sweden. Simulizi zake huja kwa sura mbili. Kuna wanaosema wataalamu waliiokoa ardhi iliyokuwa inakufa. Kuna wanaosema wanyonge walinyang'anywa ng'ombe wao kwa jina la utaalamu. Kila upande una ushahidi wake na sitaki kuamua ugomvi huo. Ninachotaka kufuatilia hapa ni vipimo. Ukilitazama jambo hili kwa karne nzima utaona kwamba kila kifaa kipya kilipofika Kondoa, jibu la swali la nani kaiharibu ardhi lilibadilika, na jibu lililokuwa mezani siku hiyo ndilo lililogeuzwa kuwa amri.

Ukuta wa korongo

Ukitoka Dodoma mjini kwa barabara ya Babati unapita Chemba, unafika Kondoa, kisha barabara inaanza kupanda kuelekea Kolo, kwenye ile michoro ya miambani iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Watalii husimama Kolo. Kwa kisa chetu, eneo muhimu zaidi ni Haubi, bonde lililozungukwa na vilima, lenye ziwa dogo na makorongo yanayoweza kummeza mtu mzima na mzigo wake wa kuni.

Ingia ndani ya korongo mojawapo uutazame ukuta. Juu kabisa kuna udongo mwembamba wenye mizizi. Chini yake kuna tabaka jekundu, kisha mchanga, kisha kokoto zilizopangana kama zimemwagwa siku moja, kisha mchanga tena. Kila mstari ni tukio: mvua fulani iliteremsha kitu kutoka mlimani, ikakiacha pale. Na ukibahatika utaona vipande vyeusi, vizito kuliko ukubwa wake, vyenye vitundu. Ni mavi ya chuma, mabaki ya tanuri za kuyeyushia chuma.

Vipande hivyo ni ushahidi mzito. Watafiti akiwemo Bertram Mapunda, mwanaakiolojia Mtanzania, walivifuatilia katika bonde la Haubi ili kuunganisha habari za uhunzi, makazi na mmomonyoko. Mantiki yake ni rahisi. Tanuri la chuma linakula makaa, na makaa ni miti. Chuma kikipatikana kinakuwa shoka na jembe, na shoka na jembe vinafungua msitu haraka kuliko mikono mitupu ilivyoweza. Kwa hiyo aliyegundua namna ya kuyeyusha chuma hakuleta zana peke yake. Alileta uwezekano wa kulima mteremko ambao kabla yake ulikuwa haulimiki. Mhunzi akawa mtu wa heshima, pengine wa kuogopwa, jembe likawa kitu cha mahari katika sehemu nyingi za nchi hii, na mlima ukaanza kuvuliwa nguo.

Hayo hayakujulikana kwa wataalamu wa HADO mwaka 1979. Wao walikuwa na vipimo vingine.

Sotoka, mbung'o na msongamano wa milimani

Karne ya 19 misafara ya biashara ilipita Kondoa, ikinunua chakula na kuacha nyuma bidhaa, maneno na dini. Mahitaji ya chakula yalivuta kilimo. Kisha miaka ya 1890 ikaja sotoka na kufyeka ng'ombe katika Afrika Mashariki yote. Pale ambapo hapakuwa tena na ng'ombe wa kula majani wala watu wa kuchoma na kufyeka, vichaka vilirudi, na vichaka vilirudi na mbung'o. Mwaka 1916 vita vya Wazungu vikapiga kambi Kondoa kwenyewe, majeshi ya Afrika Kusini upande mmoja na ya Wajerumani upande mwingine, na majeshi hayaji na chakula chao chote.

Waingereza walipotawala walikuta milima yenye watu na nyika zenye mbung'o. Hapo sayansi iliingia kwa kishindo. Katika miaka ya 1920 utafiti wa mbung'o wa Tanganyika ulikuwa na kituo chake Kondoa kabla ya kuhamia Shinyanga. Kiongozi wake, Charles Swynnerton, aliamini kwamba mbung'o ashindwe kwa kuharibiwa makao yake: fyeka kichaka, mnyime kivuli, halafu weka watu wa kutosha ili kichaka kisirudi. Yeye na mwenzake mtaalamu wa mimea, B. D. Burtt, walikufa mwaka 1938 katika ajali moja ya ndege wakiwa kazini. Lakini fikra ilikuwa imeshaota mizizi kwamba makazi ya Mwafrika ni chombo cha kupigania wadudu, kinachoweza kusogezwa huku na kule na mtaalamu mwenye ramani.

Kabla nyika hazijafunguliwa, ng'ombe wa Warangi, wenyeji wa milima hiyo, walibanana milimani kwa sababu bondeni walikufa kwa nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o. Mzungu aliyepanda mlimani miaka ya 1930 aliona ng'ombe wengi, majani machache, makorongo mengi. Na alikuwa amekwisha kusoma magazeti ya kwao juu ya mavumbi yaliyozifunika tambarare za Marekani, ambako mwaka 1935 serikali iliunda idara nzima ya kuhifadhi udongo. Hofu hiyo ilisafiri katika makoloni ya Kiingereza yote. Kondoa ikawa mfano wa kutisha wa papo hapo: watu wengi, ng'ombe wengi, ardhi inakwisha. Yakafuata matuta ya lazima, mitaro na mashimo yaliyochimbwa kwa amri. Kazi ya matuta ilichukiwa katika wilaya nyingi za Tanganyika, na uhuru ulipokuja watu waliitupa pamoja na bendera ya mkoloni. Jambo la kusikitisha ni kwamba baadhi ya matuta yale yalikuwa na faida. Lakini teknolojia iliyoletwa na kiboko hubaki na harufu ya kiboko.

Mabwawa yaliyohesabu tope

Mwishoni mwa miaka ya 1960 ulikuja utafiti wa namna nyingine. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na cha Uppsala, Sweden, viliungana kupima mmomonyoko. Karibu na Dodoma walichagua mabwawa: Ikowa, Matumbulu, Msalatu, Imagi. Ni njia ya akili. Bwawa linajulikana lilijengwa mwaka gani na lilikuwa na kina gani. Pima tope lililojaa ndani, gawanya kwa miaka, gawanya kwa eneo linalotiririsha maji yake humo, na unapata kiasi cha udongo kinachopotea kwa mwaka. Majibu yalionyesha mabwawa yanajaa haraka mno.

Tatizo ni kwamba bwawa halijui chochote kilichotokea kabla halijajengwa. Picha zilizopigwa kutoka kwenye ndege nazo hivyohivyo: ukilinganisha picha ya miaka fulani na ya miaka kumi baadaye unaona korongo limepanuka, lakini ndege yenyewe haikuwapo babu zetu walipokuwa wanafyeka. Kifaa kinachopima miaka 10 au 30 kitakupa msababishi aliyekuwapo ndani ya miaka 10 au 30. Na katika kipindi hicho, aliyesimama juu ya kila mteremko uliochakaa alikuwa ng'ombe.

HADO ilizaliwa katika hali hiyo ya kuona. Miaka yake ya mwanzo ilikuwa ya mashine. Greda na buldoza zilipanda Kondoa kuchonga makingamaji, matuta marefu yanayofuata usawa wa mlima ili kuyapunguza maji kasi. Vitalu vya miche vilianzishwa, miti ikagawiwa vijijini. Makingamaji yakakatwa kwa kwato. Ng'ombe akipita juu ya tuta la mchanga mara ishirini analiachia njia, na mvua inayofuata inamalizia kazi. Fedha zilikuwa zinazikwa kwenye matuta yasiyodumu. Ndipo uamuzi ukafikiwa kwamba badala ya kuendelea kutengeneza tuta, aondolewe anayelivunja.

Kumbuka pia kipindi chenyewe. Operesheni Dodoma ya kuwahamishia watu vijijini ilikuwa imepita miaka michache tu, na Operesheni Vijiji nchi nzima baada yake. Serikali ilikuwa imezoea kuhamisha watu, na watu walikuwa wamezoea kuhamishwa. Kuhamisha ng'ombe kulionekana jambo dogo.

Walikokwenda

Sasa swali ambalo ripoti nyingi hulipita: mifugo zaidi ya 80,000 ilikwenda wapi?

Wengine waliuzwa, wengine walichinjwa. Lakini wengi walishuka kwa ndugu, mashemeji na marafiki katika nyika za chini, zile zile zilizokwisha kufunguliwa kwa kufyeka vichaka vya mbung'o. Walishuka kwa mtandao uliokuwapo siku zote. Kwa wafugaji wa Tanzania ya kati, mwenye ng'ombe ishirini si lazima awe na ng'ombe ishirini zizini kwake. Watano wako kwa shemeji, watatu kwa rafiki wa jando, wawili wamekwenda kulelewa kwa mtu aliyefiwa na mifugo yake. Mleaji hunywa maziwa, hutumia samadi, na kwa makubaliano hupata ndama. Mwenyewe hubaki mwenyewe. Ugonjwa ukipiga upande mmoja, mali haiishi yote. Na mtu aliyelea ng'ombe wako miaka kumi ni ndugu yako kuliko wengi wa damu.

Wataalamu wa kikoloni, na baadhi ya wetu, waliuita utamaduni huo ulimbikizaji: Mwafrika anapenda idadi, hajui ubora. Lakini tazama kilichotokea. Amri ya 1979 isingetekelezeka kwa muda ule bila mtandao huo. Naona hapa ndipo penye kejeli ya kisa chote. Desturi iliyolaumiwa kwa kujaza ng'ombe milimani ndiyo iliyowatoa bila umwagaji damu mkubwa, na hakuna mtaalamu aliyeiandika kwenye mpango wake kama nyenzo.

Milima ilijibu haraka. Majani yalirudi, vichaka vikafuata, na mito iliyokuwa vitanda vipana vya mchanga ilianza kujibana. Mahali palipokuwa mchanga mtupu watu wakaanza kulima. Waliofika baada ya miaka michache walishangaa, na hawakuwa wanajidanganya. Claude Mung'ong'o, msomi wa Kitanzania aliyeandika juu ya milima hii katika miaka ya 1990, na mwanaanthropolojia Wilhelm Östberg kutoka Sweden, wote walilichukulia badiliko hilo kwa uzito, pamoja na gharama yake.

Gharama ilikuwa hii. Samadi iliondoka na ng'ombe, na shamba la milimani bila samadi linachoka. Maksai waliondoka, plau ikabaki ikiota kutu, jembe la mkono likarudi. Maziwa ya watoto yakawa kitu cha kuagiza kutoka bondeni. Na mbuzi, ambaye ndiye fedha ya dharura ya nyumba isiyo na benki, hakuwapo tena mtoto alipougua usiku.

Ng'ombe wa hori

Kuelekea mwisho wa miaka ya 1980 mlango ulifunguliwa kidogo: ufugaji wa ndani uliruhusiwa. Ng'ombe wa maziwa aliyechanganywa damu na wa kigeni, afungwe bandani, aletewe majani na maji.

Simama mbele ya banda la namna hiyo. Paa fupi, sakafu iliyoinuliwa kidogo ili mkojo uteremke, hori la mbao mbele. Majani ya tembo yamekatwa kwa panga vipande vya urefu wa kidole, kwa sababu ng'ombe huchagua majani laini na kuacha mabua ukimpa marefu. Mzigo huo umetoka kwenye ukingo wa tuta, maana majani ya tembo hupandwa pale ili mizizi yake ishike udongo. Kwa hiyo ng'ombe sasa anakula kitu kinacholizuia lile tuta alilokuwa akilivunja. Kwa ubunifu, hapo nawavulia kofia.

Lakini nani amebeba mzigo? Zamani mvulana alitoka na kundi asubuhi, ng'ombe akajipeleka mwenyewe kwenye majani. Sasa majani yanapelekwa kwa ng'ombe, na katika nyumba nyingi anayekata na kubeba ni mama. Upande wa pili, maziwa ya jioni yanayouzwa kwa jirani mara nyingi yako mkononi mwake. Kazi ilihama, na sehemu ya fedha ilihama nayo.

Kuna badiliko jingine la polepole zaidi. Ng'ombe wa asili unaweza kumpeleka kwa shemeji alelewe. Ng'ombe wa hori humpeleki kirahisi, kwa sababu shemeji naye sharti awe na banda, shamba la majani, dawa za kupe na mtu wa kukata kila siku. Ng'ombe huyu anafunga mali ndani ya ua mmoja. Aliyembuni alifikiria lita, na matokeo yake yakagusa namna watu wanavyofanywa ndugu.

Punje ya mchanga

Miaka ya 1990, fedha za Sweden zikielekea ukingoni, mtafiti Mats Eriksson alikuja Kondoa na kipimo ambacho hakikuwapo HADO ilipoanzishwa. Msingi wake ni huu. Punje za mchanga wa madini ya kwatsi zikiwa zimezikwa hupokea mionzi hafifu ya asili kutoka kwenye udongo unaozizunguka, na huihifadhi kidogokidogo ndani yake mwaka hadi mwaka. Punje ikitoka juani, akiba yote inafutika. Kwa hiyo ukichukua mchanga kutoka ndani ya ukuta wa korongo bila kuuonyesha mwanga, kwa kupigilia mrija usiopitisha nuru, kisha ukaupeleka maabara na kuuamsha kwa mwanga maalumu gizani, punje zitatoa mng'ao. Ukubwa wa mng'ao unakuambia ni lini punje hiyo iliona jua mara ya mwisho. Yaani unauliza mchanga wenyewe: ulizikwa lini?

Majibu yalichapishwa mwaka 2000. Tabaka za kale zaidi zilizikwa zaidi ya miaka 11,000 iliyopita, hali ya hewa ilipokuwa ikigeuka kutoka ukame kuelekea mvua mwishoni mwa enzi ya barafu. Hapakuwa na mkulima wala ng'ombe. Mmomonyoko mwingine ulianza yapata miaka 900 iliyopita, na huo unahusishwa na watu, kufyeka misitu na kilimo. Karne nyingi kabla ya Mjerumani, kabla ya sotoka, kabla ya ile idadi ya ng'ombe iliyowatisha wataalamu. Eriksson aliandika pia juu ya mchango wa miamba yenyewe: Milima ya Irangi iko kwenye pindo za Bonde la Ufa, na ardhi yake imekuwa ikisogea, hapa ikiinuka, pale ikizama.

Hapo nakumbuka jambo ambalo Östberg alilisikia kwa Waburunge, majirani wa Warangi wanaoishi kusini-mashariki mwa milima hiyo. Wataalamu walipowaeleza kwamba udongo unasombwa, Waburunge walikuwa na maelezo yao: ardhi inapanda. Inakua kutoka chini. Mawe yanayoonekana leo ambayo jana hayakuwapo yamekuja juu. Afisa kilimo akisikia hivyo hutabasamu na kuendelea na somo lake. Sitasema Waburunge walikuwa wanajiolojia; walichomaanisha juu ya ardhi iliyo hai ni kitu kingine na kikubwa zaidi. Lakini walikuwa na wazo kwamba ardhi ina mwendo wake, usioanza na mtu wala kuishia kwake, na wazo hilo halikuwa na safu katika jedwali lolote la mradi.

Je, ng'ombe basi wanasafishwa? La. Majani yaliporudi baada ya 1979 yalithibitisha kwamba malisho ya kupindukia yalikuwa yakiizuia ardhi kupona. Aliyefungua jeraha na anayelikwaruza lisifunge si lazima awe mtu mmoja. HADO ilimkamata wa pili ikamhukumu kwa makosa ya wote wawili. Na hukumu hiyo ndiyo iliyofanya adhabu iwe ya wote na moja kwa moja, badala ya kufunga mteremko huu miaka mitano na kufungua ule.

Njia hiyo ya pili haikuwa ndoto. Shinyanga, mradi wa HASHI ulioanza mwaka 1986 ulijengwa juu ya ngitili, desturi ya Wasukuma ya kufunga sehemu ya malisho ili majani yasimame mpaka kiangazi. Maelfu kwa maelfu ya hekta zilirudi kuwa na miti bila ng'ombe kufukuzwa wilayani.

Mwaka huohuo wa 1986 HADO ilichukua dawa ya Kondoa na kuipeleka Mvumi, kwa Wagogo, kusini-mashariki mwa Dodoma mjini: mifugo yote iondoke. Mvumi si Milima ya Irangi. Mvua yake ni chache zaidi, mteremko wake ni mwingine. Lakini picha za Kondoa za kabla na baada zilikuwa nzuri mno, na hakuna aliyekuwa amepigilia mrija hata mmoja ukutani kuuliza mchanga umri wake.